Nani Amelipia Wimbo? Goma, Kamera na Mashabiki Wake

Tarehe 21 Septemba 2014, Siku ya Kimataifa ya Amani, mwimbaji Akon alipanda jukwaani kwenye uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo. Onyesho lilipokolea akaingia ndani ya puto kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, akajiachia juu ya vichwa vya watu. Mikono ikampokea, ikamsukuma mbele, ikamrudisha. Siku chache baadaye picha ile ilikuwa imezunguka dunia ikiwa na maelezo ya uongo: kwamba nyota huyo alijifungia kwenye puto kwa kuogopa Ebola. Kweli, mwaka huo Ebola ilikuwa ikiua Liberia, Sierra Leone na Guinea, na Kongo yenyewe ilikuwa na mlipuko wake upande wa Boende, kaskazini-magharibi ya nchi. Lakini Goma haikuwa na ugonjwa huo, na Akon alikuwa akilitumia puto lake kwa miaka kwenye majukwaa ya nchi ambazo Ebola walikuwa wakiisikia redioni tu.

Walioandika habari ile waliandika juu ya nyota na juu ya ugonjwa. Umati uliombeba haukuulizwa kitu. Wala haikuwa ajabu, maana Goma imezoea kupigwa picha na mtu aliyekuja akiwa na habari yake tayari mfukoni.

Kinshasa ilibahatika zaidi. Septemba 1974, katika shamrashamra za pambano la Muhammad Ali na George Foreman, tamasha la siku tatu la Zaïre 74 liliwakutanisha akina James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba na wenyeji wao. Picha zilizopigwa wakati ule zilitosha kuzaa dokumentari mbili miaka mingi baadaye: When We Were Kings ya 1996 na Soul Power ya 2008. Kisha wakaja Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye. Walitoa La Danse de Jupiter, na mwaka 2010 wakapeleka Cannes filamu ya Benda Bilili!, habari ya bendi ya wanamuziki waliolemazwa na polio, wakitembelea baiskeli za magurudumu matatu na kufanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa. Mwaka huohuo wa 2010 ilitoka Kinshasa Symphony, kuhusu orkestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu inayopiga Beethoven umeme ukikatika. Ukizitazama filamu hizo unauona mtaa pamoja na bendi: mashabiki, majirani, wapita njia, wadai. Unaelewa bendi imetoka wapi.

Kamera zilizokuja Goma zilifuata mengine. Julai 1994 zilifuata wakimbizi wa Rwanda waliovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, kisha kipindupindu kikawafuata wakimbizi. Januari 2002 zilifuata volkano. Mwishoni mwa 2008 zilifuata vita vya kiongozi wa waasi Laurent Nkunda, na Novemba 2012 zikawafuata waasi wa M23 walipouteka mji na kukaa siku kumi na kitu. Kati ya tukio na tukio watu walioa, walicheza, walianzisha bendi, na kamera zilikuwa zimekwisha panda ndege.

Umbali nao ulichangia. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka haupo. Hakuna barabara ya kukufikisha. Kigali ni safari ya saa chache kwa gari, Kampala ni safari ya siku moja. Muziki wa Kongo, kama ulivyoandikwa kwenye santuri, ulikuwa biashara ya Léopoldville, Kinshasa ya siku zile, tangu kampuni ya Ngoma ilipoanza kurekodi huko mwaka 1948, ikafuatwa na Opika na Loningisa. Mashariki haikuwa na kiwanda. Hugh Tracey alipopita pembezoni mwa msitu wa Ituri na mashine yake mwaka 1952 aliwarekodi, pamoja na wengine, Wanande, watu wa kaskazini mwa Kivu ambao leo ni sehemu kubwa ya wakazi wa Goma. Lakini aliwarekodi kwa ajili ya hifadhi ya utafiti. Kwenye baa za ukingo wa Ziwa Kivu zilichezwa santuri za Kinshasa, kwa Kilingala, na watu wanaozungumza Kiswahili wakaziimba kwa moyo.

Mwenye kipaji wa upande huu alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda magharibi, akageuke mtu wa Kinshasa. Ya pili ni kwenda mashariki, na walioishika ni wengi kuliko wanavyokumbukwa Kongo kwenyewe. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Maniema, mji uliokuwa bado ndani ya Kivu kubwa. Mwaka 1978 alikuwa Dar es Salaam kwenye Orchestra Makassy, na akafa mwaka 2010 akiwa Dokta Remmy wa Watanzania, na kitongoji kimepewa jina lake huko Sinza. Baba Gaston na wenzake walifanya hivyo hivyo Nairobi. Kivu haikukosa wanamuziki. Ilikosa mahali pa kuwarekodi, na wakarekodiwa ugenini.

Waliobaki walikutana na mlipaji mkubwa kuliko wote: serikali. Katika miaka ya 1970 na 1980 kila mkoa wa Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ulikuwa na vikundi vya animation politique. Vijana kwa mamia walivalishwa vitenge vyenye sura ya Rais Mobutu, wakapangwa mistari uwanjani, wakaimba na kukata viuno kumsifu Kiongozi. Shule zilisimama, ofisi zilisimama. Kinshasa hata Franco, mkubwa wa wanamuziki wote, alitoa wimbo wa kumnadi Mobutu katika uchaguzi wa 1984 ambao mgombea alikuwa mmoja tu. Goma, ambako Rais alikuwa na jumba lake kando ya ziwa, vikundi havikuruhusiwa kulala. Kizazi kizima kilijifunza kwamba wimbo unaopigwa kwa sauti kubwa uwanjani una mtu aliyeulipia, na kwamba unaweza kuucheza vizuri sana bila kuamini neno hata moja.

Somo hilo lilikuja kutumika baadaye, kwa mlipaji mwingine.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ikateremka, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Zaidi ya watu laki moja walipoteza nyumba. Waliorudi walijenga juu ya jiwe lilelile: kuta za ua kwa mawe meusi yaliyopangwa, nyumba kwa mbao. Mgeni anayetembea Goma kwa mara ya kwanza hutazama chini kuliko juu, maana mawe hukwaruza viatu na vumbi lake jeusi huingia hadi kwenye soksi. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Februari, Radio Okapi ilianza kurusha matangazo nchini kote chini ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za taifa. Mji ulikuwa magofu, na ulikuwa na redio.

Katika miaka hiyo ndipo alipojitokeza Petna Ndaliko Katondolo, mtoto wa Goma, mtengenezaji wa filamu. Vita vilikuwa vimempeleka Kampala, na huko mwaka 2000 alianzisha Yole!Africa, kituo cha vijana waliokimbia makwao. Miaka michache baadaye kituo kikawa Goma. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: kijana anayejifunza kupiga muziki ajifunze pia kushika kamera na kuhariri picha, ili asisubiri mtu wa kuja kumpiga picha. Uani mwa Yole!Africa walikutana marapa, wacheza break dance, wapiga gitaa, na wale waliotaka kujua kompyuta inakataje picha. Anayeimba leo kesho anashika taa kwa ajili ya klipu ya mwenzake. Bendi na waandishi wa historia yake wakakulia ua mmoja, jambo ambalo hata Kinshasa haikuwa nalo kwa namna ile.

Kutoka hapo likazaliwa tamasha la filamu la Salaam Kivu, lililokuja kuitwa Congo International Film Festival. Julai ikifika, kwa siku kumi hivi, palikuwa na filamu, muziki na mashindano ya dansi pamoja. Turubai lilifungwa hadharani, jenereta likawashwa mbali kidogo ili kelele zisimeze sauti, na watu wakatazama wamesimama. Mtazamaji wa Goma hatazami kimya. Humshauri mhusika, humcheka, humkemea mwizi, na akimwona mtu anayemjua kwenye picha humwita kwa jina. Petna mwenyewe alikuwa akitengeneza filamu zake: Jazz Mama ya 2010, kuhusu nguvu ya wanawake wa Kongo katika nchi ambayo wageni waliwajua kwa habari za ubakaji peke yake, na baadaye Kapita ya 2020, ambamo alichukua picha zilizopigwa na wakoloni na kuzigeuza zisimulie walichotaka kukificha.

Wakati huohuo mashirika ya misaada yalikuwa yakiongezeka mjini. Wanaojua Goma ya miaka ile wanakumbuka magari meupe yenye antena yakipangana mbele ya hoteli za ziwani, na kodi za nyumba za mtaa wa Himbi zikipanda. Mashirika yaligundua kwamba vijana hawasomi vipeperushi lakini wanasikiliza nyimbo. Basi yakaanza kuagiza nyimbo: wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa kupinga ubakaji, wimbo wa amani, wimbo wa kuwarudisha nyumbani watoto wa msituni. Mwanamuziki alipata studio, dola na fulana yenye nembo. Alipata pia maneno ya kuimba.

Chérie Rivers Ndaliko, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi ndani ya Yole!Africa kwa miaka, ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili, Necessary Noise, kilichochapishwa na Oxford mwaka 2016. Hoja yake ni kali: msaada unaokuja na ujumbe uliokwisha andikwa ni ubeberu wenye sura ya huruma, maana humfundisha msanii kusema mfadhili anachotaka kusikia, na picha ya Kivu inayotoka hapo ni ileile ya mtu anayesubiri kuokolewa. Mtu anaweza kumjibu kwamba msanii naye anakula, na kwamba pesa ya shirika imemnunulia gitaa kijana ambaye asingelipata popote. Ni kweli. Lakini wasikilizaji wa Goma walikuwa wamekwisha pita shule ya animation politique. Waliujua wimbo wa kuagizwa tangu ubeti wa kwanza. Wakaucheza, kwa nini wasiucheze, mdundo ukiwa mzuri? Wakarudi nyumbani wakaimba mwingine.

Amani Festival ilikuja ikiwa na kitendawili hichohicho. Tamasha lilipangwa kwa mara ya kwanza Agosti 2013, mabomu yakaanza kuanguka kandokando ya mji, likaahirishwa. M23 waliposhindwa mwishoni mwa mwaka huo, tarehe ikawekwa upya, na kuanzia tarehe 14 hadi 16 Februari 2014 uwanja wa Collège Mwanga ukajaa. Walihesabiwa watu 25,000 hivi kwa siku tatu. Kiingilio kilikuwa dola moja kwa siku.

Dola hiyo moja ilijadiliwa sana mjini. Kwa mfanyakazi wa shirika ni pesa ya soda. Kwa kijana anayesukuma tshukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo mji umelisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, dola ni viazi vya kutwa. Na bado alilipa, au aliruka ukuta. Waandaaji, ambao msukumo wao wa kwanza ulitoka Foyer Culturel de Goma pamoja na marafiki wa Ubelgiji, walikataa kufanya bure kabisa. Wazo lilikuwa kwamba mtu akilipa, hata kidogo, amekuja kwenye tamasha lake. Hesabu haikubali, bila shaka: dola 25,000 hazilipi ndege za wanamuziki wa kigeni, wala jukwaa, wala vyombo. Wafadhili walikuwepo na nembo zao zilionekana. Lakini kabla ya wageni kupanda walipanda wenyeji, vikundi vya Goma, Bukavu na miji jirani vilivyochujwa kwa mashindano, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Nyota kutoka Ulaya au Afrika Magharibi hupigiwa makofi hata akikosea. Mtoto wa mtaa wa Katindo akikosea, anaambiwa.

Tamasha likawa la kila Februari, mamia ya vijana wakijitolea kulinda milango, kugawa maji na kuokota chupa. Lilipita katikati ya mengi. Mwaka 2019 Ebola, ile ambayo dunia iliiona kwenye puto la Akon miaka mitano mapema, ilifika Goma kweli: mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Julai. Februari 2020 watu walicheza baada ya kunawa mikono mlangoni. Kisha korona, kisha volkano tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye amri ya kuhama iliyowaondoa mamia ya maelfu ya wakazi. Februari 2022 jukwaa lilisimama tena.

Katika kipindi hichohicho Goma ilimpata nyota wa kwake. Innocent Balume alizaliwa mjini hapo mwaka 1997, akaanza kuimba akiwa mdogo sana katika Maisha Soul, kikundi cha kaka zake. Alikuwa na miaka kama 13 aliposhinda Vodacom Superstar, shindano la taifa zima lililomfanya mtoto wa mashariki atazamwe na Kinshasa nzima. Akajiita Innoss'B. Wimbo wake Yo Pe wa 2019, akiwa na Diamond Platnumz katika toleo la pili, ulikuja kupita watazamaji milioni 100 kwenye YouTube. Mshangao mtamu ni lugha: Mtanzania anayetamba kwa Kiswahili na Mkongo aliyekulia kwenye Kiswahili walikutana kwenye wimbo wa Kilingala. Goma haikulalamika. Ilikuwa imeimba Kilingala cha wengine miaka sitini. Safari hii aliyekiimba alikuwa wao, na wazee wa mtaa waliweza kusema walimwona akicheza kabla hajavaa saa ya bei.

Upande wa pili wa muziki wa mji haukuwa na klipu za aina hiyo. Mwaka 2012 ilianza Goma harakati ya vijana iitwayo LUCHA, kwanza kwa kudai maji na ajira, na mashairi ya slam na rap za mitaani yakaenda nayo sambamba. Goma Slam Session iliwakusanya vijana waliosema bila ala, maneno matupu, jambo la busara mahali ambapo umeme hukatika. Hata umeme ulikuwa siasa. Kabla nyaya za Hifadhi ya Virunga, zinazobeba umeme wa mito yake, hazijaingia mjini, kurekodi albamu kulimaanisha kununua mafuta ya jenereta kwa lita, na nyimbo nyingi za Goma zina sauti kavu ya kompyuta kwa sababu hiyo: ngoma halisi inahitaji chumba, maikrofoni nyingi na saa nyingi za umeme.

Delcat Idengo alitoka upande huo. Jina lake la nyumbani ni Delphin Katembo Vinywasiki, alikuwa mtu wa Beni, na alijulikana kote Kivu ya Kaskazini kwa nyimbo ambazo shirika lisingeziagiza na serikali isingezilipia. Beni ilikuwa ikichinjwa na waasi wa ADF mwaka baada ya mwaka, na yeye alimwimba rais, jeshi na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, kwa majina, akiuliza wanalinda nini. Mwaka 2021 alikamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Aliachiwa, akaimba, akakamatwa tena Goma mwaka 2024. Kila alipofungwa umaarufu ulipanda. Watu walitumiana nyimbo zake kwa simu, na kwenye maandamano dhidi ya MONUSCO ziliimbwa na waliokuwa hawajawahi kumwona.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma kwa mara ya pili. Katika vurugu za siku zile wafungwa wa gereza la Munzenze walitoroka, naye Delcat akiwa miongoni mwao. Tamasha la Amani la Februari hiyo halikuwezekana. Yeye hakuukimbia mji, na hakubadilisha kazi. Alitunga dhidi ya watawala wapya kama alivyotunga dhidi ya wale wa zamani, na tarehe 13 Februari akaingia mtaani kurekodi klipu. Hapo ndipo alipopigwa risasi akafa, na ndani ya saa chache picha za mwili wake, zilizopigwa kwa simu na watu wa mtaa ule, zilikuwa zimefika Beni na Butembo.